Mgeni ni Waya

"Lakini si alijenga mwenyewe chini ya waya?"

Nimelisikia swali hili matangani, ndani ya matatu za Kisauni hapa Mombasa, na barazani baada ya sala ya Isha, na kila mara huulizwa na mtu aliyekwisha kujijibu. Fundi amenaswa na stima akiezeka bati. Mtoto amekanyaga waya ulioanguka usiku wa mvua. Maiti haijatoka nyumbani na hukumu imeshatolewa: waya ulikuwepo, yeye akaufuata, alikatazwa, akakaidi, sikio la kufa halisikii dawa. Husema hivyo maofisa, husema hivyo watu wenye elimu yao, na linaloniuma zaidi, husema hivyo majirani wa marehemu, ambao madirisha yao yanatazamana na waya uleule.

Kauli hiyo naipinga yote. Naipinga kwa sababu si kweli, na kwa sababu kila inaporudiwa huwapumzisha watu waliokuwa na wajibu wa kukizuia kifo kile.

Nianze na nilichokiona kwa macho yangu. Ukiiacha lami ya Mishomoroni, mtaa wetu wa Kisauni, ukaingia vichochoro vinavyoteremka kuelekea mikoko, utakuta nyumba nyingi zinazopanda juu polepole, chumba baada ya chumba, kadiri mwenyewe anavyojaaliwa. Moja ilikuwa imeshamwagwa slabu. Juu yake kijana wa mkono alikuwa akipokea nondo kutoka chini, moja moja. Nondo nzima ina urefu wa mita 12. Ukiishika katikati, ncha zake hazitulii. Pembeni mwa slabu zilipita nyaya tatu za msongo mkubwa, zi wazi, hazijavalishwa kitu, karibu kiasi cha kufikiwa kwa ufagio wa kuangushia utando wa buibui. Na kwenye chungu ya mchanga, upande wa nyaya, palichomekwa fito iliyofungwa kipande cha kanga nyekundu.

Nilimuuliza kile kitambaa ni cha nini.

"Huo ndio mpaka, kaka. Fundi asema nondo ikipita hapo niiwache ianguke, nisiing'ang'anie."

Kipande cha kanga. Hicho ndicho kilichosimama kati ya yule kijana na volti 11,000. Kiwanja hakukichagua yeye, ramani hakuichora yeye, na siku nyumba ile itakapopata wapangaji yeye atakuwa kwenye slabu nyingine. Ukiwatazama wanaonaswa na stima mitaani kwetu, ni watu wa aina yake: mafundi bati, wapaka rangi, wakwezi wa minazi, watoto wenye upondo wa kuangulia maembe, mama mpangaji anayeanika nguo juu ya paa kwenye kamba ya chuma. Aliyejenga chini ya waya na anayekufa chini ya waya, mara nyingi ni watu wawili ambao hata salamu hawapeani. Kwa hiyo kauli ile huanguka kabla hatujaingia ndani: inamlaumu maiti kwa kosa ambalo, hata kama lipo, si lake.

Sasa tuingie ndani. Inasemwa kwamba waya ulikuwepo kwanza.

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa imeshaezekwa makuti mapya mara tatu nguzo ilipokuja. Lori liliingia asubuhi, likashusha mti mweusi unaonuka dawa, vijana wakachimba shimo kando ya msala, na kufikia adhuhuri nguzo imesimama. Waya wa kuishikilia ukavutwa ukakitwa katikati ya ua, palepale alipozoea kuweka kinu chake. Hakuna aliyemletea karatasi. Hakuna aliyemuuliza kama ameridhia, wala kumwambia kwamba tangu siku ile kuna umbali ambao asijenge. Mwenyewe alifurahi, maana stima ilikuwa inakuja, akawapa vijana wale maji ya mtungi. Miaka ikapita. Makuti yakawa mabati, udongo ukawa bloki, wajukuu wakaongeza vyumba viwili. Leo mgeni akisimama pale uani ataapa kwamba nyumba imeivamia nguzo.

Sisemi kila nyumba ya Mishomoroni ina historia hiyo. Wengi walikuja baada ya daraja jipya la Nyali kufunguliwa mwaka 1980, na wanaendelea kuja. Sensa ya 2019 iliikuta Kisauni na watu 291,930. Lakini Kisauni haikuwa pori lililongojea nyaya ndipo lipate watu. Vijiji vya Wamijikenda na Waswahili vilikuwepo, minazi na miembe yao ilikuwepo, na njia za miguu ambazo nguzo zilikuja kuzifuata ni njia zilizokanyagwa na watu hao. Anayesema "waya ulikuwepo kwanza" amekitazama kichochoro kilivyo leo, hakuuliza kilikuwaje jana.

Na iko jana ya mbali zaidi, ambayo kila mtu wa Mwambao anayeambiwa kwamba ni mvamizi anastahili kuijua. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua jenereta iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar, ile iliyoletwa tangu 1875, zama za Seyyid Barghash, ili kuangaza kasri. Ikaingia mikononi mwa kampuni ya umeme ya Mombasa iliyoanzishwa mwaka uleule. Kampuni hiyo na mwenzake wa Nairobi ziliungana mwaka 1922 zikawa East African Power and Lighting, nayo mwaka 1983 ikabadilishwa jina kuwa Kenya Power and Lighting. Stima ya nchi nzima ina kitovu chake hapa kwetu.

Mwaka huohuo wa 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi ya Mwambao. Kila anayedai ardhi alitakiwa ajitokeze, alete ushahidi, aandikwe. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Wamijikenda wengi, waliolima na kuzikana pale bila karatasi, hawakuandikwa. Mwaka mmoja: stima ikapata kampuni, watu wakakosa ardhi. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na kila nikilifikiria naona kwamba ugomvi wetu wa leo chini ya nguzo ulianza siku zile, kabla ya nguzo yenyewe.

Kwani matunda ya sheria ile ndiyo yanayoitwa, hapa Mombasa, "nyumba bila ardhi". Nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwingine. Unamlipa kodi ya ardhi, unarithisha kuta na paa, na chini yake hurithishi kitu. Changamwe wanaijua hali hii, Likoni wanaijua, na Kisauni ndiyo maisha yetu. Sasa chukua Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, uisome ukiwa umesimama Mishomoroni. Inasema anayetaka kupitisha nyaya katika ardhi ya mtu atafute kwanza idhini ya mwenye ardhi. Akitafutwa asipatikane, tangazo litolewe katika magazeti yanayofika nchi nzima na katika redio ya eneo hilo. Ni sheria nzuri kwa mtu mwenye hati kabatini. Lakini kwetu mwenye ardhi yuko Nairobi au ng'ambo, au ni warithi kumi na wawili wanaoshtakiana mahakamani. Anayelala chini ya waya si yeye anayeombwa idhini. Hupata habari kwa mlio wa lori.

Wapo watakaonijibu: basi huyo hana haki yoyote, kwa kuwa hana hati. Hapo ndipo wanapokosea zaidi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, inapozungumzia fidia kwa sababu ya njia ya nyaya, humtaja mtu anayeikalia ardhi kihalali au anayeikalia kwa hakika. Maneno hayo mawili yameandikwa pamoja kwa makusudi. Waliotunga sheria walijua nchi hii ina watu wengi wanaokaa pahali kwa hakika bila karatasi, na wakaona miti yao, mimea yao na nyumba zao ni vitu vyenye thamani. Sheria imemwona. Sisi majirani zake ndio tunaokataa kumwona.

Lakini hebu tuseme, kwa ajili ya hoja, kwamba nyumba ilikuja nyuma. Waya ulipita, mtu akajenga. Je, hapo lawama yote ni yake?

Laini kubwa za kusafirishia umeme hutengewa ardhi yao. Ya kilovolti 132 hupewa upana wa mita 30, ya kilovolti 400 mita 60, na ukipita Mariakani utaziona zimekatiwa njia pana kabisa. Laini ya mtaani haina uwanja huo. Hupita penye upana wa mkokoteni. Usalama wake kwa sehemu kubwa umo katika kimo: nguzo iwe wima, waya uwe umekazwa, vyuma viwe vizima. Na kimo hicho mwenye nyumba hawezi kukitunza. Haruhusiwi hata kuigusa nguzo, na ni sawa asiruhusiwe.

Sasa pwani inafanya nini na kimo hicho? Mti wa nguzo hutiwa dawa, lakini chini usawa wa ardhi, penye unyevu na mchwa, ndipo unapoanza kuoza, na juu hauonyeshi dalili. Upepo wa kusi huusukuma miezi kwa miezi kutoka upande mmoja. Hewa ya chumvi hula vyuma. Chumvi ikitanda juu ya vikombe vya kauri na umande wa alfajiri ukailowesha, stima huanza kutambaa juu yake. Ndicho kile kivumo kama cha nyuki na zile cheche ambazo watoto huziita nyota. Nguzo ikiinama kidogo tu, waya hulegea, na sehemu iliyokuwa juu ya paa kwa mita nne inakuwa mita tatu, kisha mbili. Nyumba haijaongezwa hata tofali. Waya ndio ulioshuka.

Nguzo yetu iliinama hivyo. Tuliripoti. Tukapewa namba ya ripoti, tukaiandika ukutani kwa mkaa kando ya mlango. Mvua ya masika ikaja, tukaripoti tena, tukaandika namba ya pili chini ya ile ya kwanza. Bibi akawa hataki wajukuu wapite upande ule wa ua. "Wanangu, hii yaja," alituambia, "kama si leo ni kesho." Sitaitaja ofisi wala mtu. Nataka tu msomaji anielewe ninaposema kwamba yupo mkaaji anayejua hatari, anayeisema hatari, aliyefanya kila alilopaswa kufanya, na bado siku nguzo ikianguka ataulizwa kwa nini alijenga pale.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kila mzazi wa Kisauni alijue, kwa kuwa wengi wanaamini kinyume chake na imani hiyo inaua. Tunadhani waya ukikatika ukaanguka chini, fyuzi ya transfoma hukatika papo hapo na hatari imekwisha. Si lazima. Ardhi yetu ni mchanga na matumbawe. Mchanga mkavu haupitishi stima sawasawa, kwa hiyo mkondo unaotoroka kwenda ardhini huwa mdogo, na fyuzi, ambayo kazi yake ni kukatika mkondo unapozidi, haikatiki. Waya unalala kwenye mchanga kimya, hautoi cheche, hautoi moshi, na u hai. Ndara za mpira hazimkingi anayeukanyaga. Fimbo ya mti, hasa ikiwa mbichi au imelowa, haimkingi anayeusogeza. Hata bila kuugusa, ardhi ya karibu nao inaweza kumwangusha mtu, kwa kuwa mguu mmoja husimama penye nguvu kubwa ya umeme na wa pili penye ndogo, na stima hupanda mguu huu ikashukia ule. Ndiyo maana anayejikuta karibu na waya ulioanguka huambiwa aondoke kwa hatua ndogondogo za kuburuza, miguu isiachane, asikimbie.

Mtoto aliyeukanyaga waya wa namna hiyo akienda dukani kununua mkate hakujenga chochote. Nani atamwambia mama yake kwamba mwanawe alikaidi ilani?

Mahakama zetu zimelielewa jambo hili muda mrefu uliopita. Majaji wa Kenya wamerudia kusema kwamba anayemiliki na kusambaza kitu cha hatari kama umeme anadaiwa uangalifu mkubwa, na mara nyingi wameiamuru Kenya Power iwalipe walioumia au warithi wao. Mara nyingine humkatia aliyeumia sehemu ya lawama, na hiyo ni haki. Hupimwa kwa ushahidi, kesi kwa kesi. Tofauti yao na baraza letu ni kwamba wao hupima kwanza.

Nikiri basi lililo kweli, maana sitaki kushinda hoja kwa kuficha. Wapo wenye ploti wanaofanya ubaya kwa makusudi. Nimeona roshani iliyotolewa nje kuelekea nyaya hadi mpangaji anayeegemea ukingo wake anaweza kuusogelea waya kwa mkono. Mwenye jengo lile haishi mle. Alitaka chumba kimoja zaidi katika kila orofa, akakipata, na kodi anaipokea kila mwezi. Huyo sina neno la kumtetea, na lau ningekuwa na uwezo angeibomoa roshani ile kwa gharama yake mwenyewe kabla ya mwezi kuandama.

Lakini jengo la orofa nne halioti usiku mmoja kama uyoga. Sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi inataka ujenzi upate kibali cha kaunti. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ina kazi ya kuwasajili makandarasi na kuzisimamia kazi zao. Miezi kwa miezi malori ya mchanga yamepita mbele ya watu. Na juu ya hayo yote kuna shahidi mmoja ambaye hasemi uongo: mita. Nenda kalitazame jengo lolote la Mishomoroni linalodaiwa kuvamia njia ya nyaya, uangalie ukuta wake karibu na ngazi. Utakuta mita zimepangwa safu, moja kwa kila mpangaji. Mita hiyo haikujifunga. Alikuja fundi mwenye kitambulisho, akaegemeza ngazi, akautazama waya ulipo na ukuta ulipo, akaunga, akaondoka. Tokeni zinauzwa hadi leo. Huwezi kumhesabu mtu kuwa mteja kila anaponunua tokeni, kisha akifa umhesabu mvamizi.

Kwa hiyo ilani zinapobandikwa ukutani kwamba walio chini ya nyaya wahame kabla ya tarehe fulani, mimi nauliza ni nani anayehamishwa. Mwenye roshani atahamisha nini? Ana nyumba nyingine. Anayeshika godoro kichwani ni mpangaji, ambaye alilipa amana, hakuonyeshwa ramani yoyote, na alichukua chumba kile kwa kuwa kilikuwa na bei anayoiweza. Chumba ambacho dirisha lake linatazamana na waya hupungua kodi. Umaskini ndio uliomweka pale, na ubomoaji humpeleka penye waya mwingine.

Kuna wenzetu wanaojiona wa wastani zaidi. Husema: sawa, nguzo ikikusumbua omba ihamishwe, ulipie gharama. Ndivyo desturi ilivyo, kwamba mwenye kuomba ndiye mwenye kulipa, na kwa mtu aliyenunua kiwanja chenye nguzo akijua ipo, halafu akataka pawe na geti, naiona ni haki. Lakini desturi hiyo haiulizi nani alitangulia. Bibi aliyekutwa na nguzo kwake, ikamchukulia ua, ikainama kwa kuoza kwake yenyewe, leo aambiwe atoe fedha ili aondolewe hatari ambayo hakuileta? Kutengeneza nguzo mbovu si kuhamisha nguzo. Ni matunzo, na matunzo ni ya mwenye mali. Maneno hayo mawili yanachanganywa kila siku, na kila yanapochanganywa mkaaji hukata tamaa akarudi nyumbani.

Nasikia pia, tena kwa sauti ya chini, hoja ambayo naamini ndiyo mzizi wa ukatili wote: watu wa mitaa ile wanaiba stima, basi wasilalamike. Wizi upo. Nyaya za kuunganishwa kienyeji zinazotambaa juu ya mabati zinaua, na zinawaua walewale wasioiba. Lakini hebu tutazame kilichofanya kazi. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi misako ya kukata nyaya ilifanywa kwa miaka. Mafundi wakiondoka jioni, nyaya zilirudi usiku. Njia ikabadilishwa. Kenya Power ikakaa na wakaaji, ikaeleza bei, ikafunga mita za tokeni, na kwa taarifa ya Benki ya Dunia kaya zilizounganishwa kihalali ziliongezeka kutoka 5,000 Mei 2014 hadi 150,000 Mei 2015. Watu ni walewale, mabanda ni yaleyale. Kilichobadilika ni namna walivyotazamwa.

Ufundi nao upo, na si mgeni. Nyaya zilizovalishwa gamba na kusokotwa pamoja, zinazoweza kupita karibu na ukuta bila kuwa wazi, zinatumika kwingi duniani na hapa Afrika Mashariki. Vuka kivuko cha Likoni, ushuke hadi Diani, Kwale. Pale wako mbega weusi wenye mabega meupe, na nyaya wazi pamoja na transfoma zilikuwa zikiwaua. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997, likawafungia madaraja ya kamba juu ya barabara, na likafanya kazi pamoja na Kenya Power kukata matawi na kuvalisha nyaya pale penye hatari zaidi. Ni kazi njema na nawaombea heri. Hakuna aliyesema kwamba mbega ajilaumu kwa kuupanda waya. Walitazama palipo na vifo, wakauvalisha waya. Nataka yule kijana wa slabu, na mtoto wa upondo, watazamwe kwa jicho hilohilo.

Nina neno na wakaaji wenzangu pia, kwa sababu kupinga lawama si kukaa tukingoja. Kila nguzo ina namba yake. Iandike. Nguzo ikiinama, waya ukilegea, transfoma ikivuja mafuta, piga simu 97771, uandike tarehe, saa na namba ya ripoti mahali ambapo mvua haitafika. Sisi tulitumia mkaa, wewe tumia daftari. Ripoti isipojibiwa, Sheria ya Kawi imeweka mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli na baraza la kuamua migogoro, na malalamiko huko hayahitaji hati ya ardhi. Usifunge kamba ya nguo wala mbuzi kwenye waya unaoshikilia nguzo. Usimpe mkwezi mnazi unaoinamia laini bila kuwaita wenye laini kwanza. Na wewe fundi unayeheshimika mtaani, unayeitwa kabla ya mwenye ploti hajapata hata mchanga, una nguvu ambayo ofisi hazina: kataa kupandisha nondo kando ya waya wazi hadi waya uzimwe au uvalishwe. Kijana akinaswa utakayemzika ni wewe, na kitambaa chekundu hakitakutetea kwa mama yake.

Kwa wenye nyaya na wenye vibali, ombi langu ni moja. Kabla hamjabandika ilani nyingine Mishomoroni, tuonyesheni karatasi. Tuonyesheni, kwa nguzo hii na kwa nguzo ile, nani aliombwa idhini, aliweka saini tarehe ngapi, aliambiwa aache mita ngapi, na nguzo ilikaguliwa mwisho lini. Karatasi hiyo ikiwepo, nami nitasimama na nyinyi mbele ya mwenye roshani. Isipokuwepo, msituite wavamizi tena, bali leteni ngazi mwanze kuvalisha nyaya.